Barua kwa batoto ba Katuba benye kutaka prezida mupya

Batoto yangu,

Mangaribi nikiikala pa mulango nawasikia, nyinyi benye taksi-moto na nyinyi benye kuuzisha unite, muko nasema mu uchaguzi wa prezida mutapigia kura mutu yeyote basi tu asikuwe wa politiki. Siwagombeze, naelewa kwenye inatoka. Depite anakuya wakati ya kampanye na bitenge, kisha miaka tano hamuone hata vumbi ya gari yake, umeme unakatika, na mukuba (shaba) yetu iko napita mu makamyo usiku na muchana kuenda Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia. Kwa mutu mwenye kuchoka hivyo, mwenye hajagusa kitu anaonekana safi.

Hata mimi nilipita mu ile njia. 2006 bakandida balikuwa 33, nikapigia Oscar Kashala, daktari wa kansa mwenye alitoka Marekani, juu nilisema huyu hajakula na yeyote. Alipata 3% na kitu. Maneno yake nilikuwa nayajua yote, lakini ku avenue yetu hakukuwa hata mutu moja wa kumusimamia, na hiyo sikuitazama mbele ya kupiga.

Sasa musikie ya Peru, njo inanisumbua sana. 1990 Alberto Fujimori, mwalimu wa iniversite, hakuna mutu wa politiki alikuwa namuhesabu, anatembea na trakta mu kampanye, tour (duru) ya kwanza akakuwa wa pili nyuma ya mwandishi Mario Vargas Llosa, tour ya pili akashinda, batu bakafurahi. Lakini mu parlema badepite bake balikuwa bachache, basi aprili 1992 akaifunga na nguvu ya jeshi, na bengi balimupigia makofi (njo inaniuma zaidi), akatawala mpaka 2000, 2009 tribinali ikamupa miaka 25 ya kifungo juu ya batu benye baliuawa.

Na kwetu Congo tangu 2011 tour ya kuchagua prezida ni moja tu. Mugeni akikuwa wa pili, kama Fujimori mu tour ya kwanza, anarudia kwake.

Kwa hiyo huyo mupya wenu mumuulize, baba, badepite bako ni banani, nani atakuwa waziri wa feza, ku Kasumbalesa utamuweka nani? Akiwapa majina mukuye nayo mangaribi, nitatoa biti inje, tuyasome moja moja.

Ni mie muzee wenu, Lubumbashi