Risala ya vijana wachoraji na wapangilia mavazi wa Mikindani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Afisa Utamaduni,
Wazee wetu wa Mikindani, mama zetu, walimu, mafundi cherehani na vijana wenzetu,

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima. Nawe tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, maana tunajua minada ya korosho ikishaanza kila mtu Mtwara anakutafuta.

Kikundi chetu kina wanachama 11. Tunachora, tunapiga picha, tunashona na tunavalisha watu. Tungeweza kukueleza historia ya kikundi, lakini tumekubaliana risala hii iwe ya mmoja wetu. Michoro yote iliyotundikwa nyuma yako, na mavazi yatakayopita mbele yako baada ya muda mfupi, ni kazi yake. Ana miaka 22 na hajakaa darasa la sanaa hata siku moja. Yupo pale safu ya pili, na ametuomba tusimsimamishe mpaka tumalize kusoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, alianza na makaa na mfuko wa saruji. Baba yake mdogo alikuwa saidia fundi, jioni anarudi na mifuko mitupu. Mfuko wa karatasi una tabaka zaidi ya moja. La nje lina maandishi na vumbi. La ndani ni kahawia, gumu, linashika makaa vizuri. Binti anaupasua kwenye mshono, anaukung'uta mbali na maji kwa sababu saruji ikilowa inaganda, anaufuta kwa kitambaa kikavu, kisha anaulaza chini ya godoro usiku mzima ili unyooke. Asubuhi ana karatasi kubwa kuliko daftari lolote la dukani.

Juu ya karatasi hizo alichora mikono. Msimu mzima wa mvua ni mikono tu, ya bibi yake akibangua korosho. Wengi mliopo hapa mnaijua kazi hiyo. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, kwa hiyo mbanguaji anajipaka majivu, na hata hivyo ncha za vidole zinabaki nyeusi na ngumu. Mwenzetu alikuwa anakaa miguuni kwa bibi, anachora kidole kinavyopinda kikishika punje, anafuta kwa kiganja, anaanza upya. Mpaka leo mtu akituuliza kazi yake bora ni ipi, tunamwonyesha mikono.

Wageni wakiona michoro hii husema, "Kumbe amejifundisha mwenyewe!" Wanasema kwa kumsifu, nasi tunapokea. Lakini tuliokaa naye tunajua kwamba kujifundisha mwenyewe kuna bei, na bei hiyo ameilipa yeye peke yake.

Kwa miaka miwili, nyuso zote alizochora zilikuwa na kasoro ambayo hakuweza kuitaja. Watu walikuwa wanaonekana kama wamekatwa utosi. Alibadilisha pua, akabadilisha midomo, akalia. Siku moja alijipima uso kwenye kioo kwa kijiti cha fagio, akagundua kwamba macho ya binadamu yako katikati kabisa ya kichwa, kuanzia utosini hadi kidevuni, wakati yeye alikuwa anayapandisha karibu na paji. Mwalimu angemwambia jambo hilo kwa dakika tano. Yeye lilimgharimu miaka miwili.

Alipohamia kwenye simu, akichora kwa kidole kwenye kioo chenye ufa, bei ilipanda. Kazi yake ya kwanza ya kulipwa ilikuwa michoro ya kijitabu cha watoto. Aliituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida, ikabanwa njiani na kupoteza ubora. Tena aliichora kwa rangi za kioo cha simu, ambazo ni mwanga, na hakuna aliyemwambia kwamba kiwanda cha uchapaji hutumia wino wa rangi nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na kwamba kuna rangi zinazong'aa kwenye simu ambazo wino hauwezi kuzifikia. Rangi ya machungwa ya jua lake la ufukwe wa Msimbati ikatoka kama matope. Kazi ikakataliwa, malipo hayakuja. Leo anatuma kama faili kamili, nukta 300 kwa inchi, baada ya kujaribisha rangi kwenye karatasi, na ametufundisha wote. Ila yeye hakufundishwa na mtu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatusemi kwamba hakuwa na walimu kabisa. Kanga ilimfundisha. Bibi yake alimwonyesha pindo, mji na jina, na ukiitazama kanga kwa jicho la mchoraji unaona ukurasa mzima umekwishapangwa, fremu iko pembeni, picha katikati, maneno chini mahali pake. Uwanda wa Makonde nao ulimfundisha, kule Newala na Tandahimba, ambako mchonga vinyago huanza akiwa mtoto anayeokota vipande vya mpingo miguuni kwa baba au mjomba.

Yupo pia mzee ambaye hakumkuta, Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 kwa jirani zetu wa Tunduru. Naye hakusoma chuo cha sanaa. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na mwaka 1972 akafariki. Ni miaka michache mno. Lakini katika miaka hiyo alikaa na vijana, wengine ndugu zake wa huku kusini, wakachora pembeni yake. Ndiyo maana leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Angechora peke yake chumbani, pengine tusingelijua.

Sasa tuseme kidogo kuhusu mavazi, maana hapo ndipo anapoulizwa sana, "Cherehani yako iko wapi?" Hana cherehani. Kazi yake inaitwa kupangilia mavazi, mjini wanamwita stailisti. Fundi anashona, mbunifu anabuni, yeye anaamua mtu huyu avae nini pamoja na nini, kwa picha hii, kwa sherehe hii, kwa mwili huu. Anaingia soko la mitumba alfajiri marobota yakifunguliwa, anatoka na koti la mwanaume la shilingi elfu chache, analikutanisha na doti ya kanga na ushanga wa shangazi. Mkoba wake tunaujua kwa moyo. Una pini, vibanio vya kukaza gauni mgongoni ili mbele likae sawa, sindano na uzi wa rangi tano, na utepe wa karatasi wenye gundi anaoubandika chini ya soli za viatu vya kuazima ili virudi kwa mwenyewe bila mkwaruzo. Vazi la kuazima analirudisha limefuliwa na kupigwa pasi. Mama wa duka lile la kona ya soko alikuwa hamwamini hata kwa mtandio, leo anampa gauni la harusi.

Utakapomwona msichana wa tatu akipita, tunaomba utazame mgongo wake. Kanga imefungwa bega moja na kukunjwa mara mbili ili jina lianzie kwenye bega na kushuka lote mpaka kiunoni, lisomeke herufi kwa herufi anavyotembea. Kukunja huko kulichukua siku nzima, kwa sababu alikataa kuikata kanga ya bibi.

Tunalo pia la kulalamika, na tutalisema kwa adabu. Mchoro wake mmoja ulichukuliwa mtandaoni, ukachapwa kwenye fulana, zikauzwa hapa hapa mkoani. Jina lake halikuwepo na hakupata hata shilingi. Wapo pia wanaompa kazi ya siku tatu na kumlipa neno moja, "Utajulikana." Nauli ya bodaboda hailipwi kwa kujulikana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999 na inalinda mchoro, lakini vijana wengi huku hawajui hata pa kuanzia. Tunaomba wataalamu wa hakimiliki waletwe Mtwara wakae nasi hata siku mbili.

Tunaomba pia tuelekezwe vizuri namna ya kuandika andiko la mkopo wa vijana, ile asilimia 4 ndani ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kuku na bodaboda tunajua vinaandikwaje. Michoro tunahitaji kushikwa mkono. Na mabango ya afya, ya kilimo na ya shule yanayobandikwa mkoani kwetu, tunaomba yachorwe na watoto wa mkoa huu, kwa malipo yaliyoandikwa na jina la mchoraji chini yake.

Lakini ombi letu kubwa ni chumba. Kila Jumamosi mwenzetu anakaa barazani kwao na watoto 9 wa mtaa, anawafundisha kuchora. La kwanza analowafundisha ni mahali macho yanapokaa. Mvua ikinyesha wanatawanyika, makaa yanalowa, somo limekwisha. Tunaomba chumba kimoja chenye meza mbili, na dirisha lisilopigwa na jua la asubuhi wala la jioni, kwa sababu mwanga mkali unamdanganya mchoraji. Umeme tutalipa wenyewe. Kufagia tutafagia. Yule mwenye miaka 8 ambaye leo anachora nyuso zisizo na utosi, tunataka asahihishwe Jumamosi hii hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hujakata utepe tunakuomba upite kwanza kwenye mchoro ulio karibu na mlango, ule wa makaa juu ya mfuko wa saruji. Ukiugeuza utaona alama ya mshono bado ipo. Mikono iliyomo ni ya bibi yake, na bibi mwenyewe yupo pale, kiti cha kwanza kushoto. Tungependa umpe mkono.

Naomba kuwasilisha.