Barua kwa dada yangu Lamu: dawa usiziache

Paris

Dada yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, natumai mama na watoto hawajambo hapo Langoni. Mimi mzima, alhamdulillahi.

Umeniuliza kama ni kweli kwamba huku Ufaransa wako watu wenye virusi vya UKIMWI walioacha dawa na wasiugue. Ni kweli. Mwaka 2013 watafiti, akiwemo Asier Sáez-Cirión wa Institut Pasteur, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya hapa Paris, walichapisha habari za wagonjwa 14 waliokaa miaka bila dawa huku virusi vikibaki vichache mno damuni. Lakini habari iliyowafikia nyumbani imeacha jambo kubwa nyuma, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie haraka: hao walianzishiwa dawa mapema sana, takriban wiki kumi za mwanzo baada ya kuambukizwa, wakazimeza kwa miaka kadhaa ndipo wakazisimamisha.

Virusi hivi hujificha ndani ya chembe za kinga ambazo huishi muda mrefu na ambamo dawa haziwezi kuving'oa. Anayewahi dawa huwahi kabla maficho hayajawa mengi. Wewe, dada, ulipimwa ukiwa umekwisha kukonda, baada ya miaka ya kutojua, basi hali yao usiifanye yako. Na hata walioanza mapema, wengi wao wakiacha, virusi hurudi. Kuna mtoto mmoja wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa na virusi na kuanzishiwa dawa saa 30 tu baada ya kuzaliwa; baadaye alikaa zaidi ya miaka miwili bila dawa, na watu wakatangaza kwamba amepona. Mwaka 2014 virusi vikaonekana tena.

Uko pia utafiti uitwao SMART, wa watu zaidi ya 5,000, ambao waliokuwa wakisimamisha dawa kwa vipindi waliugua na kufariki zaidi kuliko waliozimeza mfululizo. Huo ndio unaonitia hofu kwa ajili yako.

Sikulaumu kuchoka. Najua unavyotia pamba ndani ya kikopo ili vidonge visisikike vikigongana ukiwa kwenye boti ya Mokowe, na inaniuma kwamba unalazimika kuficha kitu kinachokuweka hai. Lakini ukizimeza dawa na virusi vikiendelea kutoonekana katika vipimo, humwambukizi mumeo, na umri wa kuwalea wanao unao, inshallah.

Siku ya kliniki muulize daktari matokeo ya wingi wa virusi, kisha unijulishe. Nauli nimemtumia mama.

Wasalaam,
Mdogo wako