Masika yasiwe sababu ya kufunga milango Mji Mkongwe

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu mvua, watoto na milango iliyofungwa.

Mimi ni mtembeza wageni hapa Mji Mkongwe, Unguja. Katika kazi yetu kuna miezi miwili ambayo wengi huiruka wanapopiga hesabu za mwaka: Aprili na Mei. Masika yakikolea, baadhi ya hoteli za pwani hufunga kabisa, wafanyakazi hurudishwa makwao, na ukiuliza utaambiwa msimu umelala. Wageni wenyewe hawana habari kwamba msimu umelala. Shule za Kenya hufunga Aprili, Pasaka mara nyingi huangukia humo humo, na familia za Dar es Salaam huvuka kwa boti maana vyumba vimeshuka bei. Hao ndio wageni wa masika: baba, mama, pengine na bibi, na watoto wawili watatu walioahidiwa bahari.

Mvua ikianza tangu alfajiri, habari ya bahari imekwisha. Kisiwani Changuu kwa makobe hakuendeki. Nahodha mwenye akili zake hatii chombo majini. Fungu la Nakupenda ni mchanga mtupu, hakuna pa kujibanza. Mashamba ya viungo kule Kizimbani yana tope la kuvua viatu. Tunabaki na mji, na haijafika saa nne asubuhi watoto wameshaanza kugombania simu ya baba yao.

Hoja yangu ni moja tu. Mji huu una majumba mengi yenye paa zima na nafasi ya kutosha ndani, na masika ndiyo wakati wa kuyafungua kwa ajili ya watoto, wa wageni na wa kwetu. Badala yake tunafanya kinyume: mvua ikinyesha, tunafunga.

Nitatoa mfano, jina nalihifadhi. Nilifika na familia moja kutoka Nairobi kwenye nyumba moja ya makumbusho, saa nane mchana, tumelowa. Mlango umefungwa. Mlinzi, mtu muungwana kabisa, akatwambia mkata tiketi hakuja kwa sababu ya mvua, na kwamba hata hivyo siku za mvua hawaji watu. Mle ndani kulikuwa na vyumba vikavu vyenye mambo ya kusimulia mpaka magharibi. Sisi tukasimama kibarazani, watoto wakihesabu matone.

Zamani jibu letu lilikuwa Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Jumba hilo la Sultan Barghash, la mwaka 1883, lilikuwa na uwanja mkubwa katikati, na ndani yake umewekwa mtepe, chombo kisicho na msumari hata mmoja. Mtoto akiambiwa kwamba watu wa mwambao huu walisafiri kwa chombo kilichoshonwa kama nguo, kwa kamba za makumbi, hakuna tena wa kumwondoa pale. Ataingiza kidole kwenye tundu, atauliza maji hayaingii vipi, atauliza kamba ikioza inakuwaje. Tangu sehemu ya jengo ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha, pahala pale pa kukimbilia mvua tumepakosa. Ngome Kongwe tunayo, lakini ukumbi wake wa maonyesho hauna paa. Februari unapendeza, Aprili ni bwawa.

Wenzangu wengi hukimbilia Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Ni mahali pa lazima kwa mtu mzima, na kwa kijana wa sekondari pia. Kumshusha mtoto wa miaka mitano kwenye vile vyumba vya chini, vya dari la kuinamia, eti kwa sababu kunanyesha, mimi siafiki. Historia ile haistahili kugeuzwa kibanda cha kujikinga mvua, na mtoto naye hastahili kuota ndoto mbaya.

Basi tunafanya nini? Niseme yale niliyoona yanashika watoto kweli, maana mengine yote ni maneno ya vipeperushi.

La kwanza ni jikoni. Yupo mama mmoja jirani yangu Kiponda ambaye hupokea familia nyumbani kwake masika. Hafanyi onyesho, anapika chakula chake kama siku zote, watoto wanasaidia. Wanamwamkia shikamoo, wananawa, kisha kila mmoja anapata zamu ya kukaa juu ya mbuzi na kizio cha nazi mkononi. Hakuna mtoto niliyewahi kumwona akichoka na mbuzi. Mama huwa pembeni anasisitiza jambo moja tu: usikune mpaka ukagusa kifuu, chicha itakuwa nyeusi. Halafu wanakamua tui kwenye kifumbu, wanagombania nani atapata tui la kwanza, lile zito. Mchele umeshalowekwa tangu usiku. Unasagwa, unatiwa tui, sukari, iliki na hamira, na unga wa vitumbua unaachwa uumuke. Hapo ndipo uzuri ulipo. Kuumuka kunataka saa nzima au zaidi, na saa hiyo haina la kufanya ila "Paukwa! Pakawa!" Mara nyingi huwasimulia habari za Seyyida Salme, binti wa Sultan Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye, kwa masimulizi yake mwenyewe, alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Watoto wote hutaka kujua mfupa huo ulipatikana wapi. Kisha kikaango kinabandikwa jikoni, na mvua hakuna anayeikumbuka tena.

La pili ni bao. Wazee wetu wakicheza bao la kiswahili hasa, kila mtu na kete zake 32, akianza na kumi ubaoni na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza moja moja, mgeni mzima anapotea sembuse mtoto. Lakini kuna bao la kujifunza: kete mbili mbili kila shimo, mashimo 32, mnaanza kula. Mtoto wa miaka saba analielewa kabla ya baba yake. Anajifunza hesabu bila kuambiwa kwamba ni hesabu. Ubao mmoja na komwe 64, zile mbegu za kufanyia kete, haviwezi kumshinda mwenye hoteli wala makumbusho, na bado unaingia hoteli ya vyumba hamsini unakuta bao limetundikwa ukutani kama pambo, kete hazijulikani ziliko.

La tatu ni taarabu, nalo tunalipoteza kizembe. Mji huu una vikundi vya Ikhwani Safaa tangu mwaka 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, tena una chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilichoanza mwaka 2002. Watoto hawahitaji tamasha la saa tatu usiku. Wanahitaji nusu saa ya mchana na mpigaji kanuni, ile ala ya nyuzi, mwenye subira: waone nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, wavishwe zile pete zenye kijiti kwenye vidole vya shahada, waambiwe "haya, gusa." Nimewahi kuona mtoto mkorofi kuliko wote katika msafara akinyamaza kimya kwa sauti moja tu ya udi. Mpigaji alipwe haki yake, kama anavyolipwa anapopiga hotelini usiku.

Hata nyumba yenyewe ni mchezo, ukiwa na mtu wa kuieleza. Kwa nini vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba? Kwa sababu dari limelala juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki urefu wake. Waambie watoto wapime vyumba kwa hatua, chumba hiki na kile, wataligundua wenyewe. Kwa nini baraza za nje zimeinuka vile? Ni za kukalia, ndiyo, lakini njia zikijaa maji ndizo tunazopitia sote, mpaka leo. Hapa niongeze tahadhari kwa wenzangu: masika ndiyo msimu ambao kuta za mawe na chokaa hunyonya maji na kuanguka. Usimsimamishe mtoto wa mtu chini ya roshani iliyochoka kwa kuwa tu inakinga mvua.

Sasa, Mhariri, nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo halihusu wageni. Watoto wa Michenzani na Kikwajuni, mitaa ya Ng'ambo nje ya Mji Mkongwe, nao wamefungiwa na mvua ile ile, ghorofani, wamekodolea televisheni. Wengi wao makumbusho wameingia na shule tu, wakiwa kwenye foleni na mwalimu akihimiza waharakishe. Bao wanaliona kwa babu, hawalichezi. Ajabu ya mji huu ni kwamba mtoto wa Nairobi anaweza kuondoka hapa amekuna nazi na kugusa kanuni, wakati mtoto wa Ng'ambo hajawahi kuitiwa hata kimoja. Ndiyo maana siungi mkono fikra ya kuanzisha "kituo cha burudani cha watalii" chenye kiingilio cha dola. Mambo haya yakianzishwa kwa watoto wetu, kwa kiingilio cha familia cha bei ya wenyeji, wageni watakuja tu na watalipa bei yao. Tena watapendelea zaidi, maana mtoto anataka mtoto mwenzake. Nimeshuhudia wa Nairobi na wa Kiponda wakigombana kwa Kiswahili cha aina mbili juu ya nani kaiba kete, na wazazi wao wakanywa chai kwa amani.

Ninachoomba si kikubwa. Wenye makumbusho watangaze saa za masika na wazifuate, mvua inyeshe isinyeshe, na tiketi iwe moja kwa familia nzima. Kila jumba litenge chumba kimoja chenye mikeka, mbao za bao na keram, na mtu wa kukaa nacho. Akina mama wasusi wa ukili na washonaji wa kofia za viua, ambao masika biashara zao hulala, waitwe ndani ya vyumba hivyo wafundishe kwa malipo ya siku. Wapewe wao wenyewe, yasipitie kwa dalali. Hoteli zilizobaki wazi zichangie, kwa kuwa mgeni mwenye watoto waliotulia huongeza siku, na mwenye watoto wanaolia hubadilisha tiketi ya boti arudi kesho yake.

Na sisi watembezaji tuache tabia ya kumwambia mgeni wa masika "pole, umekuja wakati mbaya." Nasikia maneno hayo bandarini kila mwaka, mtu hata begi hajatua.

Masika yajayo yataanza Machi. Wakianza na jumba moja, Jumamosi na Jumapili mchana, baadhi yetu tuko tayari kushika zamu za kusimulia bila malipo kwa mwezi wa kwanza. Mbao za bao mbili ninazo mimi, komwe zinapatikana.

Ni mimi,
Mtembeza wageni,
Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja