Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya leseni za silaha: bunduki ya marehemu baba inaliwa na kutu

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Awali ya yote nakuombea afya. Nilipokuja ofisini mara ya mwisho niliambiwa hupo, unaumwa. Mara ya kabla yake hupo, umesafiri. Na ile ya kabla yake niliambiwa hupo, basi, bila ya sababu. Natumai barua hii itakukuta upo.

Sikupenda kukuandikia mbele za watu. Nimelelewa nikijua mkubwa huambiwa pembeni. Lakini barua nne nilizokuletea kwa faragha, mbili za mkono na mbili za kupigisha chapa, zote ziligongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake zimo ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati langu. Muhuri ni mzuri, wino wake wa zambarau haujachujuka mpaka leo. Ninachokosa ni jibu.

Usiku wa kuamkia Jumanne iliyopita nguruwe mwitu wameingia kondeni kwangu. Konde lenyewe liko maweni, kusini ya Jozani, si ardhi ya kumtamanisha mtu. Unapanda kwenye vishimo vya udongo baina ya mawe. Nilikuwa na muhogo wa mbegu ya Kizimbani wa miezi minane, umebakisha kidogo tu. Asubuhi nimekuta matuta yamefukuliwa, miti imelala, mizizi imetafunwa, iliyobakia imeachwa juu inakauka. Ningewasamehe kama wangekula wakashiba. Wamekula theluthi, theluthi mbili wameziharibu kwa ufedhuli tu. Kwenye udongo zilikuwepo nyayo za kwato, za mkubwa mmoja na za wadogo sikuzihesabu.

Vijana wa shehia wakatoka na mbwa, nyavu na mikuki, kama walivyokuwa wakitoka babu zetu. Dume likazingirwa kwenye kichaka, likageuka. Kijana wa jirani yangu, miaka 19, amepasuliwa paja kutoka juu ya goti. Nilimfunga kwa kanga ya mama yake, tukampakia kwenye gari ya ng'ombe mpaka barabarani, na njia nzima yule mtoto ananiuliza: "Babu, bunduki ya mzee iko wapi?"

Nilishindwa kumjibu, Mheshimiwa. Iko kwenu. Naomba umjibu wewe.

Kwa wasiojua kisa, marehemu baba alikuwa na bunduki ya marisau, mitutu miwili, namba 12, yenye leseni yake halali. Kwa zaidi ya miaka thelathini ndiyo iliyokuwa ikilinda makonde ya shehia yetu. Nyama ile hatuli, kila mtu anajua. Nguruwe akianguka mbwa wanapata chao na mengine yanafukiwa. Baba hakuwahi kuitoa ndani bila ya kumwambia sheha, wala sikumbuki siku aliyoitoa kwa ajili ya ugomvi, na ugomvi wa mipaka ya makonde kwetu haukosekani.

Alifariki 2019. Baada ya khitma mimi mwenyewe niliizungushia shuka, nikachukua na risasi zake 17 zilizobakia kwenye boksi la 25, nikakodi gari, nikaisalimisha kituoni. Hakunifuata mtu. Hakukuwa na msako. Askari wa kaunta aliniandikia stakabadhi, akanipa mkono, akasema, "Mzee wangu, laiti wangekuwa wote kama wewe." Nikarudi nyumbani nimefurahi kama mtoto aliyesifiwa chuoni.

Mirathi ikapita. Ndugu zangu wote waliridhia ibakie kwangu, na karatasi ya mirathi ninayo. Nikaambiwa niombe upya kwa jina langu. Nikaomba. Barua ya sheha nimeleta. Nimepita kamati ya wilaya, nimekamatwa vidole vyote kumi kwa wino, nimepimwa kama nina akili timamu (daktari alicheka, akaniandikia kuwa ninazo). Picha za pasipoti nimepeleka mara tatu, kwa sababu mara mbili zilipotea, na kila nikipiga mpya ndevu zinazidi kuwa nyeupe. Faili nikaambiwa linakwenda ng'ambo, bara, kwa wakubwa. Tangu siku hiyo faili limekuwa kama mtu aliyepanda boti akashuka bandari asiyoijua mtu.

Nakukumbusha pia mkutano wa skuli yetu. Ulisimama chini ya mwembe, ukasema kwa ulimi wako kwamba maombi ya wasasi, yaani wawindaji, yote yatakuwa yamepata majibu kabla vuli haijamalizika. Tulikupigia makofi, na mimi nilipiga. Vuli ikamalizika. Masika yakaja yakamalizika. Vuli nyengine ikaja. Kosa ni letu, Mheshimiwa, hatukuuliza vuli ya mwaka gani.

Mwezi uliopita nikapigiwa simu niende. Nilivaa kanzu. Nilidhani mambo yamekuwa. Nilipofika nikaambiwa kuna ada za leseni za miaka ya nyuma zinadaiwa juu ya silaha ile, nizilipe ndipo faili lisogee. Nikauliza, ada za miaka ambayo silaha iko mikononi mwenu? Wakasema ndiyo, utaratibu ndivyo ulivyo. Yaani mimi nilipie kuimiliki bunduki ambayo mmeifungia nyinyi. Mtu akikuwekea mbuzi wako kwenye banda lake miaka mitano, kisha akudai pesa ya kamba, kwetu shamba ana jina lake, silitaji hapa kwa heshima.

Nilikasirika, lakini nilijizuia. Nikaomba kitu kimoja tu, nionyeshwe. Yule kijana wa zamu, Mungu ambariki, akakubali kunifungulia mlango nichungulie. Ilikuwa imesimamishwa kwenye pembe pamoja na nyengine, mnyororo umepita kwenye vikinga vidole. Kadi iliyofungwa kwa uzi ina jina la baba, wamekosea herufi mbili. Chumba kina unyevu wa bahari, unausikia puani. Na mdomo wa mtutu wa kulia ulikuwa na kutu ya rangi ya embe bivu, imeanza kushuka kwa ndani. Baba alikuwa akiipaka mafuta kila Ijumaa baada ya sala, anaivunja, anatazama mwanga kupitia kwenye mitutu, kisha ananipa mimi nitazame. Ilikuwa inang'ara kama kioo. Nilitoka pale nikakaa kwenye kizingiti, siwezi kutembea.

Najua utasema hawa wazee wanataka bunduki kwa kiburi. Kwenye baraza yetu wapo wapenzi wa bunduki kweli, sikatai, na mabishano yao hayana mwisho. Wapo wanaosema dunia ya leo ni raifo. Mtoto wa ndugu yangu anaishi Marekani, na nchi ile bunduki ni nyingi kuliko watu. Huyo alinipigia akaniambia, "Ami, kwa nini unahangaika? Nakuchomekea raifo moja ndani ya kontena la mafriji, itakufika." Nilimkaripia, nikamwambia akithubutu namshitaki mimi mwenyewe. Kuingiza silaha bila ya kibali ni kosa la jinai, na kibali kinatangulia, mzigo unafuata. Nikamwambia tena, hata hao Wamarekani wenye bunduki zao sheria yao ya mwaka 1968 inaminya silaha zinazoingia kutoka nje, na mtu wa kawaida hawezi kujiletea bila ya ruhusa ya serikali. Akanyamaza. Nadhani hakuijua.

Na raifo sitaki hata nikipewa bure. Ile ina mifuo ya msokoto ndani ya mtutu, inaizungusha risasi moja iende mbali na inyooke. Hata ndogo kabisa ya .22, risasi yake inaweza kupita kilomita moja. Kisiwa chenyewe urefu wake ni kilomita 85 hivi, na kwenye maweni kila kichaka kina mtu anayekata kuni au mtoto anayetafuta mbuzi. Utamlenga nguruwe Muyuni umpate mkwe wako. Marisau yanatawanyika na yanaishiwa nguvu karibu. Ndiyo bunduki ya makonde. Haya tunayajua bila ya semina.

Nimejaribu kufikiri kwa nini mnatuchelewesha, na nitasema ninavyodhani, ukinikosoa nitashukuru maana itakuwa ndiyo mara ya kwanza kupata neno kutoka kwako. Nadhani ni woga. Na woga huo una asili yake. Karne ya 19 bunduki ziliingia bandarini kwetu kwa maelfu, zikivushwa bara kwenye biashara ya pembe. Mwaka 1890 wakubwa wa dunia wakakutana Brussels, wakazuia raifo na bunduki za kisasa kuingia Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini ya ikweta, wakawaachia watu gumegume, zile bunduki za zamani za kuwashwa kwa jiwe. Sisi tuko nyuzi 6 kusini, tumo katikati kabisa. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yalianzia kwenye maghala ya silaha, Ziwani na Mtoni. Na Aprili 1972 Mzee Karume alipigwa risasi Kisiwandui. Serikali iliyopitia hayo kuitazama bunduki kwa jicho la pembeni, mimi sishangai. Lakini hayo yote hayakufanywa na mkulima mwenye stakabadhi.

Au labda si woga, ni faili tu kugongana na Muungano. Polisi ni jambo la Muungano tangu yale mambo 11 ya 1964, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 imekuja ikaiondoa ile ya 1991, kwa hivyo karatasi yangu inavuka bahari. Sina neno. Ila mimi mwenyewe navuka bahari ile kwa saa mbili.

Kuna jambo jengine hamlioni kutoka huko mezani. Vijana wakichoka na mikuki wanatega waya. Mtego wa waya hauchagui. Umewekwa kwa ajili ya nguruwe, asubuhi unakuta paa nunga amening'inia, mnyama ambaye duniani amebakia sehemu chache sana na sisi tumejaaliwa kuwa naye. Sheria ya Misitu ya 1996 inamlinda, hifadhi ya Jozani imefanywa ya taifa 2004, mabango yako barabarani yamepakwa rangi vizuri. Na mtego uko hatua mia nyuma ya bango. Mwenye bunduki halali anamwona anachokipiga. Hilo nalo nimeliandika kwenye barua ya tatu, ukurasa wa pili, kama mtu aliwahi kuufungua.

Mheshimiwa, nilipoanza kuandika nilikuwa na madai mengi. Nilitaka leseni zitolewe Unguja hapa hapa. Nilitaka wasasi wote wa shehia zinazopakana na msitu wasikilizwe kwa pamoja. Nilitaka zile ada zifutwe, na yule mtoto aliyepasuliwa paja mtu akamtazame hata kwa kilo ya sukari. Bado nayataka. Lakini nimechoka, na wewe una kazi nyingi, basi nayapunguza. Nipe leseni ya bunduki ya baba. Kama leseni haiwezekani, nipe jibu kwa maandishi kwamba umenikatalia, niijue njia ya kukata rufaa. Kama hata hilo ni zito, basi wekeni bunduki ile mahali pakavu.

Na kama hapana pahali pakavu, niruhusu niingie mara moja niipake mafuta. Nitakuja na kopo langu na kitambaa cha baba, kile kile. Risasi sitazigusa. Askari wako asimame juu ya kichwa changu, mnyororo mkitaka usifunguliwe, nitajikunja hapo hapo kwenye pembe. Nusu saa inanitosha, na mtutu wa kulia ndio wenye haja zaidi.

Nipangie siku. Hata Ijumaa baada ya sala nitakuja.

Wako mtiifu,
Mkulima na msasi, Unguja Kusini