Shemeji alinivunjia heshima uwanjani, na sasa ndiye msemaji wa posa ya mwanangu

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa usiku na sijapata hata lepe la usingizi. Mama watoto anakoroma hapa kando kana kwamba aliyenifanyia haya si ndugu yake wa toka nitoke.

Mambo ya klabu zetu za kriketi unayajua. Mimi ni mrushaji wa mkono wa kushoto, na nimerusha hivi hivi tangu shuleni. Jumapili mwamuzi alikuwa shemeji. Nilimpa kofia yangu anishikie, akaichomeka mfukoni, vizuri tu. Mara akanyoosha mkono: "Noboli!" Yaani mpira niliorusha ni kinyume cha sheria, eti nakunjua kiwiko kupita kiasi ninaporusha. Akanionya. Ova yangu iliyofuata, yaani zamu ya kurusha mipira sita, akarudia, na kwa sheria za sasa ya pili ndiyo mwisho, hurushi tena hadi wapinzani wamalize kupiga. Akanirudishia kofia yangu watu wote wakiangalia.

Na hakuna hata mmoja wa timu yangu aliyefungua mdomo. Kijana mmoja aliokota mpira, akaanza kunyoosha mabega.

Shangazi, mwaka 1862, pale uwanja wa Oval, London, Edgar Willsher wa Kent, mrushaji wa kulipwa, naye wa mkono wa kushoto, alipigiwa noboli mara sita mfululizo na mwamuzi John Lillywhite, rafiki yake. Enzi hizo mkono ulikatazwa kupita bega. Willsher akaubwaga mpira chini, akatoka, na wenzake wanane wa kulipwa wakatoka naye. Wakabaki mabwana wawili tu, wale wasiocheza kwa malipo. Lillywhite hakulegeza msimamo, kwa hiyo kesho yake akawekwa mwamuzi mwingine. Juni 1864 sheria yenyewe ikabadilishwa, watu wakaruhusiwa kuinua mkono wapendavyo, na mwaka 1868 Willsher akaongoza timu ya Waingereza hadi Marekani na Kanada.

Wanane, Shangazi! Mimi hata mmoja.

Mke wangu anasema Lillywhite alifuata sheria iliyokuwepo, na kwamba kesi ya Willsher ilikuwa ya bega, si ya kiwiko. Tangu lini akajua kriketi? Kanuni za kimataifa zinaruhusu kiwiko kikunjuke hadi digrii 15. Shemeji alizipima na nini?

Sasa mwezi ujao tunapeleka posa ya mwanangu, na msemaji wetu ni yeye, mjomba mtu. Kuongea anajua, sikatai. Nimewaza kutafuta mzee mwingine kimya kimya. Je, ni vibaya? Kijana akijua hatanielewa, na kusema kweli hata mimi sitaki mwingine aongee. Ninachotaka ni shemeji aje kwangu aseme hakuona vizuri. Hata asiposema, aje tu.

Klabu wanauliza kama nitacheza Jumapili hii. Siendi. Sare nimeshaifua, lakini siendi. Niende nikasimame na watu waliokaa kimya? Wenzake Willsher walikuwa wanategemea mchezo kwa ugali wao na bado walitoka! Hawa wangu wanacheza kwa ajili ya chai na sambusa.

Usiniambie habari za kusamehe, hizo pasta ameshanipa. Na kama jibu lako ni kwamba mimi ndiye nimpigie simu kwanza, tafadhali usilichapishe. Shemeji hukusoma kila wiki.