Mkono ulioachwa hewani

Shangani, Mtwara
Jumapili usiku

Kwako ndugu yangu Saidi,

Assalaam aleikum. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Huku hatujambo, ila goti la Mama limerudi kumsumbua, naye anakusalimu sana. Korosho zimeanza kudondoka, nusu ya mtaa imehamia mashambani. Baba Salma kauza ile pikipiki. Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani, nisamehe. Leo nimeshindwa kulala, na wa kumwambia ni wewe tu.

Ijumaa tulikuwa na mapambano ya ngumi za ridhaa, vijana wetu na wenzao wa Lindi. Yule mrefu wangu, mpwa wa Mponda, alipangiwa kijana mmoja mfupi, mnene wa mabega, anayeingia kama mbuzi dume. Kilo zao zilikuwa sawasawa. Mizani hupima kilo, haipimi mkono.

Kengele ilipolia, mpwa wa Mponda akanyoosha kushoto, akaweka glavu kwenye paji la uso la mwenzake, akaiacha pale. Yule mtoto akisogea, glavu ipo. Akirusha konde, linaishia hewani, kiganja kizima kabla ya kidevu. Zile glavu zetu nyekundu unazijua, ngozi imepasuka karibu na kidole gumba. Nilikuwa chini ya kona, nikaona ule mpasuko unamsugua juu ya jicho mpaka nyusi ikavimba. Anapojaribu kutazama pembeni ya glavu, wa kwangu anamshushia kulia. Raundi tatu zote ndivyo zilivyokwenda. Mwamuzi alisema "stopu" mara moja tu, tena kwa sababu kamba ya kiatu ilifunguka. Tukashinda. Watu wakambeba mabegani, mjomba wake akanunua soda kreti zima.

Mimi nilikuwa nakunja taulo. Yule mfupi akanifuata, jicho limefumba nusu, akanipa mkono kwa adabu kabisa. Akasema, "Shikamoo kocha. Mimi leo sikupigwa, nimezuiliwa." Akaondoka zake. Saidi, sikupata la kumjibu.

Maana mkono ule mpwa wa Mponda nimemfundisha mimi. Nilimwambia chini ya mkorosho pale nyuma ya nyumba: nyoosha, pima umbali, mwache aje mwenyewe. Sikumwambia aubakize. Lakini siku alipoanza kuubakiza mazoezini nilimwona, nikanyamaza, kwa sababu wenzake walikuwa hawamfikii na mimi nilitaka ushindi.

Mponda haelewi kinachonikera. Anasema urefu ni mali aliyopewa na Mungu, sasa aukunje mkono amfurahishe nani? Hapo ana haki, na sitaki kijana aadhibiwe kwa kuzaliwa mrefu. Jabu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, ikienda ikarudi, hata mara mia, ni halali. Anayeichoka atafute dawa yake. Na dawa ipo: ainame, atoke nje ya ule mkono, aingie mbavuni. Mike Tyson, bingwa wa uzito wa juu, alikuwa na mita 1.78 tu na aliwaangusha majitu. Lakini glavu inayokaa usoni hairudi, haipigi, inaziba macho. Na hilo halihitaji maoni yangu wala ya Mponda, wewe mwenyewe, mwamuzi, ndiye uliyenionyesha kwenye kanuni za ridhaa: kuuweka mkono wa mbele umenyooka ili kumziba mwenzako asione ni kosa, limeandikwa pamoja na kukumbatia na kupiga kwa kichwa. Mponda nilipomwambia akasema mbona wakubwa wanafanya.

Wanafanya, kweli. George Foreman, bingwa wa uzito wa juu, aliwasukuma watu kwa mikono yote miwili. Muhammad Ali naye, pamoja na mapenzi yetu yote kwake, alikuwa akiishika shingo ya mpinzani wake Joe Frazier na kuivuta chini. Na unakumbuka usiku ule tulioangalia pambano la Wladimir Klitschko na Alexander Povetkin, la Moscow, Oktoba 2013? Klitschko mita 1.98, Povetkin 1.88. Kila Povetkin akiingia anasukumwa, anakumbatiwa, analaliwa shingoni. Refa akaja kumkata Klitschko pointi raundi ya 11! Ya kumi na moja, Saidi. Majaji wote watatu wakampa Klitschko ushindi, 119 kwa 104. Wewe ulisimama ukapiga meza, ukasema onyo la kuchelewa ni ruhusa. Nilidhani unamtetea Povetkin.

Juzi ndipo nilipoelewa. Ile siku ya uwanja wa shule, kabla hujahamia Dar, nilipokuwekea mkono kwenye paji la uso mbele ya watu wote, na wewe ukawa unarusha ngumi hazifiki. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nilicheka. Ulivua glavu ukaziweka juu ya mfuko wako wa madaftari, ukaenda nyumbani bila kuniaga, na kesho yake ukaja kunipitia twende shule kama hakuna kilichotokea. Hatukuwahi kulizungumza. Nimekuwa nikiiona picha ile tangu Ijumaa, na uso wa yule mtoto wa Lindi unachanganyika na wako. Nisamehe, ndugu yangu. Ni miaka mingi lakini nakuomba.

Mazoezi yanaanza tena kesho saa kumi jioni. Nimeamua mpwa wa Mponda atafanya kazi ya kamba: namfunga kamba kiwikoni, mwenzake anashika ncha nyuma yake, kila jabu ikitoka inavutwa irudi. Wiki mbili, mpaka mkono uzoee. Akikataa, basi Novemba hapandi Lindi, na Mponda aseme anachotaka. Ila nataka kusikia kwako kwanza.

Ungekuwa wewe ndiye mwamuzi Ijumaa, ungemvumilia kwa muda gani kabla ya onyo? Mnahesabu sekunde, au mnaangalia kama macho yamezibwa? Akiutoa na kuurudisha haraka haraka pale pale usoni, bila kupiga, hilo nalo mnaliitaje? Je, niende Lindi nimtafute yule kijana na kocha wake, au nitakuwa namdhalilisha kijana wangu aliyefanya nilichomfundisha? Desemba utakuja? Mama ameshaniagiza nikutafutie ming'oko. Njoo na ile filimbi yako, uwachezeshe wavulana hawa hata jioni moja, wamsikie mtu mwingine asiye mimi. Na ile siku ya uwanja wa shule, ulikasirika sana?

Wako,
Hamisi