Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Wanachama wenzangu, wapiga picha wa uwanja wa KICC, Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta jijini Nairobi,

Mwaka 2024 ulitubana. Maandamano ya Juni ya kupinga Mswada wa Fedha yalifunga katikati mwa jiji, na tarehe 25, waandamanaji walipoingia Bungeni, sisi majirani tulikuwa tumeshakunja vitu vyetu na kutimka. Waliokopa kwenye mfuko wa chama siku hizo wengi wamesharejesha. Waliobaki wanajijua, na mhazini anawajua zaidi.

Hasa nataka kusema juu ya masomo ya historia tuliyoanzisha. Wengine mlinung'unika: kamera na historia wapi na wapi? Ndugu zangu, mgeni wa leo ana kamera mfukoni. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumweleza amesimama wapi.

Basi mwelezeni. Awali palikusudiwa makao ya chama cha KANU tu, jengo la kiasi. Ilipokuja habari kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani (IMF) wangekutana Nairobi mwaka 1973, ramani ikapanda mpaka mnara wa orofa 28. Waliochora ni Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe, na Mkenya mwenzetu David Mutiso. Jina la Mutiso msilisahau, wageni wengi hudhani ni kazi ya wazungu watupu. Mzee Kenyatta alilifungua Septemba 1973, na sanamu yake ya kuketi ndiyo hiyo tunayopigia picha kila siku.

Mwaka 1985 ulimwengu wa wanawake ulihamia humu kwa mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa. Akija mama wa makamo, anzeni na hilo. Mara nyingi atawamalizia mwenyewe. Mwaka 2003 serikali ililitwaa jumba kutoka kwa KANU. Desemba 2007 kura za urais zilijumlishwa humo. Mtu akiuliza kuhusu siku zile na ghasia zilizofuata, jibuni kwa ufupi na kwa adabu, kwa maana hamjui yeye alipoteza nini.

Mikutano mikubwa imefuatana tangu hapo: Shirika la Biashara Duniani 2015, TICAD, mkutano wa Japani na Afrika, 2016, tabianchi Septemba 2023. Inalipa jiji sifa, sikatai. Lakini marais wakija barabara hufungwa, nasi hukaa nyumbani. Mkate wetu uko kwenye maonyesho ya biashara, harusi na mahafali ya vyuo vidogo, pale ukoo mzima unapofika na kila shangazi anataka picha yake peke yake.

Niwape mfano wa kazi nzuri. Tangu 2019 kila noti mpya ya Kenya imebeba picha ya jumba hili. Mwanachama wetu mmoja humwomba mteja anyooshe noti ya hamsini, kisha yeye hulala kifudifudi, kamera ikigusa sakafu, mpaka mnara wa kwenye noti usimame sambamba na mnara wenyewe. Watoto hupiga foleni. Picha hiyo haipigiki kwa mkono mmoja, na ndiyo maana wanailipia.

Kuhusu uvumi wa kuuzwa: ni kweli KICC iliwekwa mwaka 2023 kwenye orodha ya mashirika 11 ya kubinafsishwa. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliitangaza Sheria ya Ubinafsishaji ya 2023 kuwa kinyume cha Katiba. Mteja akiwauliza mwenye jumba ni nani, jibu bado ni "wewe na mimi".

Uchaguzi wa mwenyekiti, katibu na mhazini utafanyika mkutano ujao. Mimi sitetei kiti tena; magoti yamegoma kulala chini. Vizibao vipya viko kwa katibu. Vilivyochanika mvirudishe kwanza.

Mwenyekiti